Wasichana Wawili Walioondolewa Chumbani

Kila anayesomea usimamizi wa rasilimali watu hukutana mapema na kisa cha Hawthorne. Husimuliwa kama habari njema: wataalamu waliwajali wafanyakazi, wafanyakazi wakajiona wana thamani, tija ikapanda. Ipo sehemu ya kisa hicho ambayo wasimulizi wengi huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo inayompasa afisa utumishi kuijua kabla hajagawa dodoso lake la kwanza.

Hawthorne kilikuwa kiwanda cha kampuni ya Western Electric huko Cicero, jirani na Chicago, Marekani. Kilitengeneza simu na mitambo yake, na kiliajiri makumi ya maelfu ya watu. Mwaka 1927, baada ya majaribio ya kupima kama mwanga wa taa huathiri tija kushindwa kutoa jibu la kueleweka, watafiti waliwatenga wasichana sita katika chumba kidogo: watano wa kuunga rilei, yaani swichi ndogo za mitambo ya simu, na mmoja wa kuwaandalia vipuri. Rilei moja ilikuwa na vipande zaidi ya thelathini, na mikono yenye uzoefu iliimaliza kwa takriban dakika moja. Wasichana waliambiwa wafanye kazi kwa mwendo wanaouona unafaa, wasishindane.

Wawili kati yao waliyachukua maneno hayo kama yalivyosemwa. Walizungumza, wakacheka, wakafanya kazi kwa mwendo wao. Wakaonywa, kisha wakaonywa tena. Januari 1928 wakaondolewa, na wengine wawili wakaletwa mahali pao. Mmoja wa hao wapya alikuwa amebeba mzigo wa familia yake. Alihitaji kila senti, akawa kinara wa kasi na akawahimiza wenzake. Malipo nayo yalikuwa yamebadilishwa. Zamani bonasi iligawanywa kwa hesabu ya idara ya watu zaidi ya mia moja. Sasa ilihesabiwa kwa kazi ya kikundi hiki kidogo peke yake. Aliyejitahidi aliiona tofauti mfukoni.

Tija ilipanda kwa takriban asilimia 30. Elton Mayo wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake wakaeleza kuwa siri ilikuwa usimamizi wa upole na moyo wa umoja. Kuondolewa kwa wale wawili hakukufichwa. Kuliandikwa katika kumbukumbu za utafiti, ila hakukupewa uzito. Ilikuwa hadi 1967 ambapo Alex Carey, msomi wa Australia, aliyachambua upya maandishi hayo na kuuliza swali la wazi: ni upole gani huu unaoanza kwa kuwafukuza chumbani waliozungumza?

Wakati majaribio ya chumba kile yakiendelea, kiwanda kilianzisha mahojiano makubwa. Kati ya 1928 na 1930 wafanyakazi zaidi ya 20,000 walihojiwa, mwanzoni kwa maswali yaliyopangwa, baadaye kwa kuachwa waseme lolote lililowakaa moyoni. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwa zama zile, nami siwanyimi sifa. Lakini tazama walivyoyapokea waliyoyasikia. Mfanyakazi mmoja alilalamika kwamba malipo ya kazi yake ya kipande ni madogo. Mahojiano yakaonyesha kuwa mkewe alikuwa amelazwa hospitalini na gharama za daktari zinamsumbua. Watafiti wakahitimisha kuwa lalamiko lake lilihusu hofu yake kuliko kiwango cha malipo chenyewe. Sawa, alikuwa na hofu. Lakini gharama za hospitali zingelipwa na nini, kama si mshahara uleule? Walimsikiliza kwa utulivu, wakamwelewa, na suala la malipo wakaliweka kando. Kuanzia 1936 kampuni iliweka hata washauri wa kupita kwa wafanyakazi na kusikiliza, ambao kazi yao haikuwaruhusu kuingilia lolote waliloambiwa.

Haya hayajaisha. Leo dodoso huletwa kwa wafanyakazi likiwa na ahadi kwamba halina majina, halafu ukurasa wa kwanza unauliza idara, jinsia, umri na mwaka wa kuajiriwa. Katika kitengo cha watu wanne, majibu hayo ni sawa na sahihi. Mfanyakazi hulitazama, akamkumbuka yule aliyesema ukweli mkutanoni mwaka jana akahamishwa, kisha akafunika kombe: ameridhika, ameridhika, ameridhika sana. Ripoti hupelekwa juu ikiwa na grafu nzuri, na uongozi huamini kuwa unawajua watu wake. Afadhali kutouliza kabisa. Anayeuliza na amuulize kwanza mwajiri: ni yapi uko tayari kuyabadilisha, na nani atayaona majibu ya mtu mmojammoja? Kama jibu la swali la kwanza ni hakuna, aiache karatasi yake mezani.

Turudi Hawthorne. Novemba 1931 watafiti walifungua chumba kingine, safari hii cha wanaume kumi na wanne waliounganisha nyaya za mitambo ya simu. Hawa hawakuongeza kasi hata kidogo. Walikuwa na kipimo chao cha kazi ya siku, na aliyekivuka alipigwa ngumi ya bega na wenzake. Walipoulizwa sababu, walisema wakizalisha zaidi, malipo ya kipande yatapunguzwa au wengine wataachishwa kazi. Katika kitabu chao cha 1939 kuhusu utafiti huo, Fritz Roethlisberger na William Dickson waliandika kwamba tabia hiyo haikutokana na hoja za kimantiki, kwa kuwa wanaume wale hawakuwa wamewahi kupunguziwa viwango. Chumba kile kilifungwa Mei 1932 kwa kukosa kazi. Mdororo wa uchumi ulikuwa umefika Cicero, na Hawthorne ilikuwa ikiwaachisha wafanyakazi wake kwa maelfu.