Safari ya Ghafla, Imeamuliwa na Nani?



Safari hii tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo, ambalo hata hivyo limewanunisha wengi. Tuchukue mfano wa bwana na bibi wanaoishi Daraja Mbili, pale Kisii. Ijumaa jioni bwana anafika nyumbani amechangamka, ameazima gari la shemeji yake. "Mama watoto, jiandaeni! Kesho alfajiri tunaenda kuona msitu wa Kakamega." Watoto wanaruka kwa furaha. Mama ananyamaza. Yeye huuza ndizi sokoni, na mchana huohuo amenunua mikungu kumi ya kuuza Jumamosi. Pesa iliyobaki mkobani ni ya chama, na zamu yake ya kulipa ni Jumatatu.

Je, ndugu msomaji, mama huyu hapendi furaha? Bwana atadhani hivyo, hasa wakifika Oyugis bila neno hata moja kutoka kiti cha pili.

Safari yenyewe mimi naisifu. Watoto wetu wa Gusii wanakua kati ya migomba, majani chai na mikaratusi. Vilima vimelimwa hadi kileleni, na msitu wa asili wengi wanausoma vitabuni tu. Kutoka Kisii kupitia Sondu, Ahero na Kisumu hadi Kakamega ni yapata kilomita 160, na kati ya Kisumu na Mbale gari linavuka ikweta kuingia upande wa kaskazini wa dunia. Ukiiacha barabara kuu pale Khayega na kupita Shinyalu unafika Isecheno, na hapo uko ndani ya kipande cha mashariki kabisa cha ule msitu mkubwa wa mvua wa Kongo. Mbega wanaruka juu ya vichwa vyenu. Simu inasahaulika mfukoni. Bwana wetu Yesu aliwaita mitume waliochoka waende kando, mahali pasipo watu, wapumzike kidogo (Mk 6:31), wala hatusomi kwamba aliwapa notisi ya wiki mbili. Ghafla si dhambi.

Lakini kwa aliyeamua, safari ni zawadi. Kwa aliyeambiwa tu, ni amri. Nani atakayepika chapati hadi saa sita usiku? Ndizi za nani zitakazoivia ndani ya nyumba? Papa Yohane Paulo wa Pili, katika wosia wake Familiaris Consortio wa mwaka 1981, alisisitiza kwamba mke ana heshima na wajibu sawa na mume. Kusema "nimeifanyia familia" hakutoshi ikiwa nusu ya waliokula kiapo altareni haikuulizwa. Nao akina mama wasicheke, maana wako wanaowaalika ndugu zao wakae mwezi mzima, na bwana anapata habari akiona mabegi mlangoni.

Kosa kubwa la yule bwana wa Daraja Mbili ni kutangaza mbele ya watoto. Watoto wakishasikia, mke hana tena nafasi ya kusema ndiyo wala hapana. Akikataa, yeye ndiye mbaya. Mwite kwanza pembeni, hata kama ni jikoni penye moshi. Mwambie una gari na una hamu, umwulize kesho yake ikoje. Huenda atakuambia habari za mikungu kumi. Basi alfajiri ibebe wewe mwenyewe mpaka sokoni, mkamwachie mwuzaji mwenzake kwa bei ya jumla, na hasara mwigawane. Pesa ya chama isiguswe kununulia mafuta. Safari ya saa kumi na moja ikianza saa tatu, msitu hauhami.

Mkiwa huko Kakamega, mwombeni kiongozi wa wageni awaonyeshe mti wa jamii ya mikuyu ambao mbegu yake hudondoshwa na ndege juu kabisa ya mti mwingine. Huteremsha mizizi polepole, humkumbatia mwenyeji wake pande zote, na baada ya miaka mingi yule aliyekumbatiwa hufa ndani ya kumbatio. Simameni hapo kidogo ninyi wawili, watoto wakiwa mbele na kiongozi. Mwulizane: je, kuna mahali ambapo mapenzi yangu yanakunyima pumzi? Swali hilo ni gumu kuulizana nyumbani, redio ikilia na mlango ukibishwa.

Tena kumbukeni Yosefu na Maria. Walitembea siku nzima wakidhani mtoto yumo msafarani, kumbe amebaki Yerusalemu (Lk 2:41-50). Hatusomi popote kwamba mmoja alimtupia mwenzake lawama. Walipompata, Maria alisema juu ya uchungu wake na uchungu wa Yosefu pamoja.

Mkilala huko hadi Jumapili, Misa isiwatie wasiwasi. Parokia ya Mukumu iko karibu na Khayega, kando ya barabara kuu. Ilianzishwa na mapadre wa Mill Hill, walewale walioanzisha misioni yetu ya Nyabururu. Bebeni makoti ya mvua pia, kwani Kakamega hunyesha sana alasiri, na njia za msituni huteleza.