Bluu au Nyeusi

Mwanzoni mwa Mei, bibi mwenye nyumba ninayopanga hapa Ohio aliniwekea chupa mbili mezani: rangi ya bluu na rangi nyeusi. Bwawa lake la uani limegeuka kijani kama kisamvu, na wajukuu wanakuja Juni. Akasema nichague mimi.

Hakuna sumu humo, kama ukifuata kipimo. Bluu ya mabwawa mara nyingi ni E133, ile ile ya peremende. Haiui mwani, bali inaukatia mwanga kabla haujafika chini. Nyeusi nayo hukata mwanga, na juu yake maji yanakuwa kioo: unaona mawingu na uso wako. Kwa uzuri, nyeusi inashinda.

Kilichonisumbua ni kwamba zote mbili zinaficha. Halafu nikamkumbuka mama na bluu ya kufulia. Jumapili jioni alikuwa akiikoroga kwenye beseni, na mashati yetu ya shule yaliyoanza umanjano yanatoka meupe. Hayakuwa safi zaidi, macho tu ndiyo yaliyodanganywa, na sikuwahi kumwona mama kuwa mwongo. Nimelifikiria hilo kwa siku kadhaa. Nadhani ni kwa sababu mama alifua kwanza. Bluu ilikuja mwisho, juu ya shati ambalo tayari lilikuwa limesuguliwa mpaka vidole vikachubuka.

Sisi hatujafua. Na uchafu najua ulikotoka: kila Aprili namwaga mbolea kwenye nyasi za bibi, naye ananipunguzia kodi. Mvua ikinyesha, mbolea inateremka bwawani na mwani unashiba. Jimbo hili hili, Agosti 2014, watu zaidi ya laki nne wa Toledo na vitongoji vyake waliambiwa wasinywe maji ya bomba, kwa sababu mwani wa Ziwa Erie, ulioneemeka kwa mbolea za mashambani, ulikuwa umetoa sumu. Bwawa letu si ziwa, lakini mfuko wa mbolea ni wa aina ile ile.

Nyeusi niliikataa kwanza. Maji yenyewe hayafiki kiunoni mwangu, ila mjukuu mdogo ana miaka mitatu, na akitumbukia kwenye kioo kile hutamwona. Bluu nayo inaficha chini, kwa kiasi. Nikamwambia bibi tutie nusu kipimo, tuweke uzio, na mbolea tuiache.

Uzio alikubali papo hapo. Kuhusu mbolea aliangalia nyasi za jirani, kisha zake, akaniuliza kama nataka chai.

Bluu nimeitia. Bwawa linapendeza, sikatai. Mfuko wa pili wa mbolea uko gereji, na Jumamosi ni zamu yangu.