UMESIMAMA, MBONA UNACHEMKA?

Rafiki yangu kijana,

Huenda karatasi hii umeipokea stendi ya Kibiti, au Bungu sokoni, au Nyamisati ukisubiri boti ya Mafia. Usiitupe! Haikudai hela. Inakuomba dakika tano tu.

Je, umewahi kuona Land Rover ya zamani, ile 109, ikichemsha? Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, magari ya kusini yalivuka Mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu. Mimi nilikuwa tandiboi. Tukiwa barabarani, mshale wa joto umetulia. Tukifika Ndundu tunakaa foleni, injini inanguruma. Punde si punde mshale huo, kwenye nyekundu! Tukiondoka, unashuka. Dereva wetu akasema, "Aa, gari zima hili, ni jua tu."

Jua? Ndugu yangu, HALIKUWA JUA!

Sikiliza. Gari likikimbia, upepo wa safari hupita kwenye rejeta na kuyapoza maji. Likisimama, upepo huo haupo. Linabaki na feni yake na pampu yake basi. Na katika Land Rover ile, mkanda mmoja ndio unaozungusha feni, pampu ya maji na dainamo. Injini ikiwa sailensa, vyote vinazunguka polepole. Kwa hiyo ugonjwa uliofichwa na mwendo HUJITOKEZA WAKATI WA KUSIMAMA.

Fundi mwenye hekima hakisii. Hupima:

1. Rejeta kwa nje. Matope, wadudu na mbegu za nyasi huziba njia ya hewa.

2. Mkanda. Injini imezimwa, anaubonyeza kwa dole gumba. Ukizama sana kupita kama sentimita 1, umelegea.

3. Feni. Mapanga yake ni mazima? Kava lake lipo? Bila kava, feni huvuta hewa ya pembeni na kuiacha ya rejeta.

4. Pampu. Mapezi yakiliwa na kutu, injini ikizunguka polepole maji hayasukumwi ya kutosha.

5. Taimingi na kabureta. Cheche ikichelewa, au petroli ikiwa kidogo mno kwenye hewa, injini hupata joto zaidi hata bila mzigo.

Lakini likichemsha hata likikimbia, hapo shauri ni jingine: rejeta limeziba ndani, au themostati imekwama. Na ukiona mapovu yanatoka kwenye maji bila kukoma, hofia gasketi ya silinda hedi.

Sisi hatukupima. Tuliongeza maji tu! Safari moja ya delta tuliishiwa, tukachota maji ya mikokoni, yenye chumvi. Chumvi ikaanza kula rejeta. Wiki ile ile, tukiwa Ndundu, mshale ukapanda. Nikaambiwa, "Dogo, fungua hicho kifuniko." Nikafungua, kungali moto. Kijana, kifuniko kile hushikilia presha, ndiyo maana maji hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukikifungua, yanalipuka kuwa mvuke papo hapo. Ngozi ya mkono wangu ilivuka kama ganda la muhogo wa kuchemsha. Kovu ninalo mpaka leo.

Silinda hedi nayo ilipinda. Fundi alipokagua, unajua chanzo kilikuwa nini? MKANDA ULIOLEGEA! Kazi ya kulegeza bolti, kuvuta dainamo na kukaza. Robo saa tu.

Sasa nakuuliza wewe. Mchana una bodaboda, una mpira, una kelele za kijiweni. Mwendo unakupoza. Lakini usiku, simu imezima chaji, umelala peke yako, mbona moyo unachemka? Mbona yanakujia yale uliyoyafanya, na mama yako uliyemkimbia?

Mfalme Daudi alikuwa shujaa vitani. Soma mwenyewe 2 Samweli 11. Jeshi lilipokwenda vitani, yeye alibaki Yerusalemu. Jioni akatembea juu ya paa, hana kazi. Ndipo alipoanguka. Paa halikumletea tamaa, LILIIFICHUA. Na Mungu hakumwongezea maji. Alimtuma nabii Nathani akaweka kidole pale pale penye ugonjwa.

Wewe unaongeza maji gani? Gongo? Bangi? Maji ya chumvi hayo! Yanapoza leo, yanakula kesho. Na wengine wameamua wasisimame kabisa, wanaogopa mshale. Ndugu yangu, pantoni haikwepeki. Ipo siku kila mtu atasimama.

Usingoje hedi ipinde! Leo usiku kaa kimya. Usilaumu jua, usiwalaumu wazazi. Uliza, "Nini kimelegea ndani yangu?" Kisha mwambie yule aliyekuumba:

"Bwana Yesu, nimechoka kuchemka. Nimeficha ugonjwa wangu kwa mbio nyingi. Nipime, unionyeshe palipolegea, unisamehe, unikaze. Amina."

Asubuhi nenda ukamwombe radhi mama. Huko ndiko kuanza kukaza mkanda.

Na kama unaendesha gari la zamani, tafadhali: likichemsha lizime, lipoe kabisa, ndipo uguse kifuniko. Mkono wangu ni ushuhuda.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.