Ndege Mia kwa Siku Kumi



Katika mambo ambayo watu huyazungumza kwa ghadhabu mabarazani ni hili la serikali kumwekea mtu mpaka katika kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekihalalisha. Mwindaji huambiwa: huna ruhusa ya kuwinda ndege ila uwe na kibali; na kibali chako kina siku zake, kina mahali pake, na kina idadi yake; ukipita hapo umevunja sheria na utashitakiwa. Naye hujibu, na jawabu lake lina ladha ya hoja: ndege ni riziki ya Mungu, Mungu ndiye aliyemuumba na ndiye aliyemhalalisha, basi serikali imeingiaje kati yangu na Mola wangu? Huku Kenya uwindaji wa wanyama ulipopigwa marufuku mwaka 1977, ndege kama kanga na kwale waliachwa wawindwe kwa leseni, na maneno hayo ya mwindaji si mageni masikioni mwetu.

Wako na wengine wanaosema kinyume chake. Hao husema: maadamu serikali imetoa kibali, neno limekwisha, aliyekishika kibali hana lawama mbele ya mtu wala mbele ya Mungu. Makundi haya mawili huonekana kama yanapingana, lakini ukiyatazama vizuri utaona kosa lao ni moja. Yote mawili yanadhani kwamba kibali ni jambo la serikali peke yake, halihusiani na dini.

Uwindaji ni halali. Hilo halina mzozo. Surat Al-Maida imeihalalisha wazi nyama ya kile kilichokamatwa na mbwa au ndege waliofunzwa, na mlango wa kuwinda na kuchinja umo katika vitabu vyetu vya fiq-hi, hata katika Matni ya Abu Shujaa ambayo vijana huisoma wakiwa bado wadogo. Lakini sura hiyo hiyo iliyotupa ruhusa ndiyo iliyotuwekea mpaka. Katika aya ya 94 Mwenyezi Mungu anawaambia walioamini kwamba atawajaribu kwa mawindo yanayofikiwa na mikono yao na mikuki yao. Maulamaa wa tafsiri wanasema ilikuwa mwaka wa Hudaybiya: Masahaba wamekwisha kuhirimia, nao wanyama na ndege wakawa wanawasogelea mpaka penye mahema, makinda wa kushikwa kwa mkono na wakubwa wa kufikiwa kwa mkuki. Wakakatazwa wasiwaguse.

Tazama, ewe msomaji, walikatazwa kitu gani. Hawakukatazwa kilicho mbali, kwani kilicho mbali kila mtu hukiacha bila ya taabu. Walikatazwa kilicho mkononi, tena katika jangwa lisilo na askari wala hakimu, na aya yenyewe imetaja sababu, kuwa apate kujulikana nani anayemwogopa Mola wake pale asipoonekana na mtu. Basi mpaka katika uwindaji si uzushi wa wazungu wala wa mabunge. Haram ya Makka na ya Madina ni mpaka wa mahali, na ihramu ni mpaka wa wakati. Ama mpaka wa idadi, huo unatoka katika makatazo ya israfu, na katika Hadithi aliyoipokea An-Nasai juu ya shomoro aliyeuliwa bure bure, kwamba siku ya Kiyama atamlalamikia Mola wake dhidi ya aliyemuua pasina manufaa.

Tena wanavyuoni wana kanuni maarufu, kwamba amri ya kiongozi juu ya raia zake hufungamana na maslahi yao. Kanuni hii ina makali pande mbili, na watu wengi huushika upande mmoja tu. Upande wa kwanza unamkata mwindaji wetu wa barazani: kiongozi akiona kwamba ndege wanakwisha, ana haki ya kukizuia kitu kilicho mubaha, na sisi ni wajibu wetu kumtii, kwani hakuhalalisha haramu wala hakuharamisha halali, bali amelinda mali ya wote. Wavuvi wetu wanalielewa hili bila ya kitabu. Wanajua juya linavyokomba samaki wachanga, na wanajua bahari iliyokombwa huwa vipi. Upande wa pili unamkata kiongozi mwenyewe: ikiwa kibali hakikutolewa kwa maslahi ya raia bali kwa maslahi mengine, kitabaki kuwa kibali katika daftari za serikali, lakini hakikumtoa mtu dhambini.

Nitakupa mfano, nao si wa makafiri. Ni wa Waislamu wenzetu.

Yuko ndege wa jangwani wa jamii ya tandawala, Waarabu humwita hubara. Ni ndege wa rangi ya mchanga, hutaga juu ya ardhi tupu, mayai mawili mpaka manne tu. Wale wa Asia huzaliana katika nchi za Kazakhstan, Uzbekistan, Mongolia na kwengineko, na baridi inapoingia huruka maelfu ya kilomita kushuka kusini. Wengi wao hutua Pakistan, na hasa mkoa wa Balochistan, kwenye asili ya hawa Mabulushi tunaokaa nao Mombasa na Unguja. Huko hukutana na matajiri na watawala wa Ghuba, ambao wamekuja na makozi yao. Kuwinda kwa kozi ni ada kongwe ya Waarabu, na zamani Mbedui alipata kitoweo kwa njia hiyo mahali ambapo hapakuwa na kitoweo chengine. Leo anayekuja si Mbedui mwenye njaa. Anakuja na ndege yake binafsi na msafara wa magari. Wengine huamini kwamba nyama ya hubara huzidisha nguvu za kiume. Hilo naliacha, halistahiki wino.

Hubara wamepungua hata shirika la kimataifa la hifadhi ya maumbile, IUCN, limewaweka katika orodha ya viumbe walio hatarini. Pakistan imewakataza wananchi wake kumwinda. Lakini kwa miaka mingi wageni wakubwa wa Ghuba wamekuwa wakipewa vibali maalumu, na anayevitoa si idara ya wanyama na ndege wa mwituni, bali ni Wizara ya Mambo ya Nje. Hilo peke yake linatosha kukuonyesha ni maslahi gani yaliyotazamwa. Kibali kina masharti mazuri ukiyasoma: ndege mia moja, kwa siku kumi, katika eneo lililotajwa.

Mwezi wa Januari 2014 mwanamfalme mmoja wa Arabuni aliwinda katika wilaya ya Chagai kwa siku ishirini na moja. Afisa wa misitu wa huko aliandika ripoti, na gazeti la Dawn likaitangaza mwezi wa Aprili: mwanamfalme na watu wake walikuwa wamewaua hubara 2,100. Gawanya mwenyewe. Ni ndege mia kila siku, yaani fungu la siku kumi lilimalizwa kwa siku moja, na siku kumi zenyewe zikawa zaidi ya ishirini. Afisa yule alihesabu na akaandika, naye ni mtumishi wa mshahara na aliyemhesabia ni mwana wa mfalme. Mimi simjui, lakini namwombea kheri.

Kesi zikafika mahkamani. Mwezi wa Novemba 2014 Mahkama Kuu ya Balochistan ilivifuta vibali vya wageni. Mwezi wa Agosti 2015 Mahkama ya Juu ya Pakistan ikapiga marufuku uwindaji wa hubara nchi nzima. Serikali ikalalamika kwamba katazo hilo linaharibu urafiki na nchi za Ghuba, na mwezi wa Januari 2016 majaji watano wa Mahkama hiyo hiyo wakaliondoa, wanne wakikubali na mmoja, Qazi Faez Isa, akipinga. Vibali vikaendelea kutolewa.

Sasa rudi nami nyuma, mpaka zama za Sayyidna Umar bin Al-Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Yeye naye alikuwa na ardhi iliyohifadhiwa na dola, malisho ya wanyama wa Waislamu wote, na watu walihitaji ruhusa kuingiza mifugo yao humo. Akamweka mlinzi, huria wake aliyeitwa Hunayy. Imamu Bukhari ameupokea wasia aliompa. Alimwambia aogope dua ya mwenye kudhulumiwa. Akamwambia amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdulrahman bin Awf na ya Uthman bin Affan. Hawa, ndugu msomaji, si watu wa kubezwa. Ni katika kumi waliobashiriwa Pepo. Lakini Umar alitoa hoja yake: wao mifugo yao ikifa watarejea kwenye mitende yao na mashamba yao, ama masikini wanyama wake wakifa atakuja kwangu na watoto wake kuniita, nami siwezi kuwaacha.

Hivyo ndivyo kibali kilivyo katika dini yetu. Kilipokuwa haba kile cha kugawanywa, dola iliwazuia wakubwa na ikawafungulia wanyonge. Huko Balochistan mambo yamepinduliwa: mchungaji aliyezaliwa katika jangwa lile akimkamata hubara mmoja kwa ajili ya watoto wake ni mhalifu, na mgeni mwenye majumba ya kifahari anapewa mia, kisha anachukua elfu mbili.

Najua watakaosema kwamba wageni hao wamejenga barabara, wamechimba visima, wamejenga misikiti na mahospitali. Ni kweli, wamefanya, na Mungu awalipe kwa kilichofanywa kwa ajili yake. Lakini sadaka hainunui idhini ya kuvunja sharti. Na tena msikiti hauwezi kuwa malipo ya ndege ambao si mali ya Pakistan peke yake. Ndege aliyeuliwa Chagai ndiye aliyekuwa akingojewa Uzbekistan masika yajayo, na watu wa huko hawakuchimbiwa kisima. Hoja iliyo na uzito zaidi ni ya wale wanaofuga. Abu Dhabi ilianzisha mwaka 2006 mfuko wa kimataifa wa kumhifadhi hubara, na vituo vyake hutotoa ndege hawa kwa maelfu na kuwaachia mwituni. Hii ni kazi njema kwa hakika, na laiti wawindaji wangetosheka na ndege waliotolewa katika vituo hivyo. Lakini aliyepanda minazi mia shambani kwake hakuhalalishiwa kwa hilo kuangua nazi za jirani.

Limebaki swali la nyumbani, kwani vijana wetu wengi wanafanya kazi Ghuba, na kijana anaweza kuandaliwa nyama ya hubara na mwajiri wake. Je, nyama hiyo ni haramu? Jawabu ni kwamba ndege ni katika vilivyo halali, na ikiwa alikamatwa na kozi aliyefunzwa au akawahiwa kuchinjwa kwa sharti zake, nyama yake si mzoga kwa sababu tu ya kuzidishwa idadi. Hukumu yake inafanana na mtu aliyesali katika ardhi ya kunyang'anya: katika madhehebu yetu ya Shafii sala imesihi, na dhambi ya unyang'anyi imemkaa shingoni. Kijana aliyealikwa, asiyejua ndege yule alitoka wapi, hana kitu. Anayejua, akaacha kuunyoosha mkono wake, amefanya lililo bora, na mimi ningefanya hivyo.

Na hapa kwetu hukumu ni hiyo hiyo kwa kwale na kanga wanaoletwa mlangoni wamefungwa miguu. Si lazima kumhoji kila muuzaji kama ana leseni, kwani dini haikutulazimisha kupekua. Ama yule mwenye nyumba anayejua kwamba kijana huyu hutega bila ya ruhusa, kisha akamwagiza amletee kumi wengine kwa ajili ya wageni wa Idi, huyo hakununua tu. Ameshirikiana naye katika kutega.