Waliofukiwa Pamoja na Mtemi

Novemba 1922 mwanaakiolojia Howard Carter alipoligundua kaburi la Mfalme Tutankhamun huko Misri, ulimwengu ulistaajabia dhahabu: barakoa ya mfalme, vitanda, magari ya vita, vitu zaidi ya 5,000 kwa jumla. Tangu hapo imekuwa kawaida kusema kwamba hazina za namna hiyo ni ushahidi wa imani ya watu wa kale katika maisha baada ya kifo. Naona ushahidi huo unasema zaidi juu ya enzi kuliko juu ya imani. Kuamini ahera hakuhitaji mtu awe na mali. Kuzikwa na mali ni kukataa kuvuliwa cheo na mauti. Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi pale ambapo hazina iliyoingizwa kaburini ni binadamu, na mfano wake tunao hapa Unyamwezi.

Msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Kazeh, ambayo leo ni Tabora, Novemba 1857, na baadaye akaandika jinsi watemi, watawala wa Wanyamwezi, walivyozikwa. Lilichimbwa shimo kubwa lenye chumba cha pembeni. Maiti alivikwa ngozi, akakalishwa kigodani, upinde mkono wa kulia, na chungu cha pombe kikawekwa naye. Kisha, mara nyingi, wajakazi watatu walifukiwa hai, mmoja kila upande na mmoja mbele, ili bwana wao asipate upweke. Shimo likishafukiwa, pombe ilimiminwa juu ya udongo.

Atatokea wa kupinga kwamba Burton alikuwa mgeni mwenye dharau, tena mengi aliyasikia kwa wafanyabiashara Waarabu. Ni kweli, na maneno yake hayatoshi kuwahukumu Wanyamwezi wote, maelfu yao wakiwa wapagazi huru waliobeba mizigo hadi pwani kwa ujira. Ila desturi yenyewe haikuwa ya Unyamwezi peke yake. Kule Abydos, Misri, kaburi la Farao Djer, la miaka kama 5,000 iliyopita, limezungukwa na makaburi madogo zaidi ya 300 ya watu wake. Mwingine atasema kwamba kumfuata mfalme kulikuwa heshima. Basi mbona ndugu zake na wazee wa baraza hawakuigombea heshima hiyo? Ilimwangukia mjakazi aliyetengwa na ukoo wake, asiye na wa kumdai.

Hoja nzito zaidi ni kwamba tusiwapime wa kale kwa mizani ya leo. Lakini mizani hii ni yao wenyewe. Baada ya nasaba ya kwanza, ile ya Djer, Wamisri waliacha kuwazika watumishi na mfalme, na karne nyingi baadaye wakaweka sanamu ndogo za kumfanyia kazi huko aendako; Tutankhamun alikuwa nazo 413. Imani haikupungukiwa kitu kwa watu kuachwa hai. Hata pombe ya Unyamwezi yatosha kuonyesha hivyo: aliyeimimina alitoa kilicho chake, akamkumbuka marehemu bila kumtoa mtu uhai.

Mwislamu wa Tabora anaweza kusema kwamba dini yake imeshalimaliza suala hili: mkubwa na mdogo huzikwa kwa sanda, bila mali. Ni fundisho kubwa. Hata hivyo Kazeh hiyohiyo ilitajirika kwa pembe na watumwa, na wapo waliozikwa kwa sanda nyeupe huku wakiacha binadamu katika hesabu ya mirathi. Sheria ya kukomesha utumwa Tanganyika ilitungwa 1922, mwaka uleule wa ugunduzi wa Carter. Kaburi la kawaida, kwa hiyo, halimsafishi mtu, kama vile kaburi la fahari halimwongezei imani.

Kinachobaki ni mgongano ambao mazishi ya mtemi hayakuweza kuukwepa. Ili mjakazi amwondolee bwana wake upweke ng'ambo ya kifo, lazima awe na roho itakayoishi kama ya bwana wake. Waliomfukia walimkubali kuwa mtu ahera, wakamkatalia duniani. Mtawala anayeiamini ahera kwa dhati angehofu kumwingiza mtu huyo kaburini, kwa kuwa angekwenda kukutana na mtu aliyemdhulumu, safari hii wote wawili wakiwa hawana mlinzi wala cheo.