Amana ya Pampu ya Moyo

Ewe ndugu msomaji, pampu iwekwayo kifuani kuusaidia moyo uliodhoofika huulizwa na wengi kwa upande wake mwepesi: je, yafaa kutia chuma katika mwili wa mwanadamu? Hapo hapana mzozo. Tumeamrishwa kujitibu, na moyo ulio makao ya nia, kama alivyobainisha Imamu Ghazali, si pande hili la nyama, ambalo hata ng'ombe analo. Mas-ala mazito ni haya: nani ana haki ya kukijaribu chombo hicho juu ya mtu, na dhima yake yakoma lini?

Kwanza hujaribiwa kwa ndama na kondoo, kisha hapana budi kije kwa binadamu, kwani ndama hasemi alivyolala usiku. Tarehe 2 Desemba 1982, huko Salt Lake City, Marekani, Barney Clark aliondolewa moyo akatiwa wa kutengenezwa, akaishi siku 112 hali amefungamana na mtambo wa hewa. Alijua kuwa anajaribiwa, akaridhia. Mwaka 2001 yakatangazwa huko huko majaribio ya wagonjwa 129. Waliotiwa pampu, 52 katika mia walitimiza mwaka. Waliopewa dawa tu, 25. Miaka miwili ilipotimia, wa pampu walisalia 23 katika mia.

Lakini ridhaa ya mtu aliyekaribia mauti ni ridhaa gani? Mfa maji haachi kutapatapa. Ukimnyoshea upanga ataushika. Basi ridhaa peke yake haimtoi tabibu katika dhima. Nami naona, na asiyekubali na alete hoja yake, kuwa mwenye kujaribu amebeba amana ya mtu yule muda wote chombo kitakapokuwa kifuani mwake, wala si muda wa majaribio tu. Juni 2021 kampuni ya Medtronic iliacha kuuza pampu yake ya HVAD, kwa kuwa ilionekana kuleta kiharusi na vifo kuliko nyingine, na pengine ikizimika haiwaki. Biashara ilikoma; maelfu ya watu walikuwa nayo vifuani.

Twaitaja Ufipa makusudi, kwani mtu wa pwani huona kila dawa i karibu. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam. Mkulima wa Sumbawanga yu mbali nayo zaidi ya kilomita 1,000. Pampu hula umeme usiku na mchana, betri zake hazina budi kujazwa, waya umetokeza tumboni na kitundu chake chataka usafi, na damu hupimwa daima isije ikaganda. Na Sumbawanga kwa miaka mingi ilipata umeme wake kutoka Zambia! Lau mtu huyo atatiwa pampu, kisha arudishwe nyanda za juu na karatasi ya maagizo, ametibiwa au ametupwa? Wala tusiseme Mfipa hastahili. Hiyo ni dhulma nyingine. Ama tabibu na umeme vimfuate hata kwake, ama asijaribiwe.

Tena pampu hizi za sasa nyingi husukuma damu mfululizo, hata mshipa wa mkono pengine haupigi. Maulamaa waliokutana Amman mwaka 1986 walikubali kuwa ubongo ukifa wote, mtu amekufa ijapokuwa moyo wapigishwa na mtambo. Basi atakayekizima chombo, na lini, jambo hilo na liandikwe siku ya kwanza, mgonjwa akiwa na akili zake, mbele ya warithi wake.