Kurudi Ulikoanzia Si Kupotea

Somo: 1 Samweli 7:16-17

Kila mwaka Samweli alizunguka Betheli, Gilgali na Mispa, kisha akarudi Rama, kwake nyumbani. Ukipiga hesabu ya biashara utasema, safari yote hiyo na bado yuko palepale? Lakini kila kituo aliamua kesi za watu. Na huko Rama akamjengea Bwana madhabahu.

Fikiria mtu anayezunguka Aberdare. Anapita msitu na mianzi, anatokea kwenye nyanda za nyasi na ukungu, zaidi ya mita 3,000, anayaona Maporomoko ya Karuru yakishuka mita 273, halafu anarudi geti lilelile. Geti ni lile, yeye si yule. Sasa anajua maji mengi ya bomba la Nairobi hutoka milima gani.

Ndugu, dada, labda kibarua kimeota nyasi, umerudi kwa wazazi, na majirani wanauliza umeleta nini. Usijifiche. Jiulize, njiani nilimsaidia nani? Mungu alinionyesha nini? Kisha leo usiku, katika chumba kilekile cha zamani, piga magoti. Rama yako ni hapo. Jenga madhabahu. Amina.